Bakuli la Chumvi Nyeupe

Siku kura ilipopigwa uani mwa kanisa, Evanthia alisimama nyuma kabisa, mgongo umeegemea ukuta, kama mtu aliyekuja kumngoja mwenzake. Hakutaka aonekane anatamani. Katika kijiji cha Kalamovrisi, mwaka ule wa 1949, aliyeonekana anatamani kitu aliulizwa anakitakia nini, na aliyekipata aliulizwa kakipataje.

Chini ya mti wa jozi walikuwa wamefungwa nyumbu watatu wa mizigo, baba punda na mama farasi, lakini si nyumbu kama waliozoeleka milimani. Hawa walikuwa warefu, vifua vipana, masikio kama makasia. Walitoka Marekani kwa meli, wakashushwa Preveza, wakapakiwa malori mpaka barabara ilipoishia, kisha wakapandishwa kwa miguu. Afisa wa mifugo kutoka mjini Yanina alisimama kando yao na Mmarekani mmoja aliyetafuna kitu asikimeze. Kofia ya padri ilijazwa maharagwe meupe, na katikati yake yakatiwa matatu meusi.

Zikos, mwenyekiti wa kijiji na mwenye mkahawa, alikuwa ameshachota mapema. Lake lilikuwa jeusi. Hakuna aliyeshangaa.

Zamu ya Evanthia ilipofika, alitia mkono, akautoa, akaufumbua. Padri akatazama, akakohoa. "Jeusi," akasema, na uani kukawa kimya kama watu wamesikia mlio wa risasi wakingoja wa pili.

"Mama wa Lambis?" mtu mmoja akanong'ona. "Yule ambaye mwanawe yuko kwa wale?"

Afisa wa mifugo akamsomea masharti: nyumbu ni wa asiye na mnyama wa kazi. Siku akionekana na mwingine, huyu wa Marekani atachukuliwa. "Una mnyama, mama?"

"Nilikuwa naye. Alichukuliwa vita vilipotufikia."

"Alichukuliwa na nani?"

Watu wote walikuwa wanamjua aliyemchukua. Evanthia akajibu, "Na vita, bwana," akaweka alama ya msalaba pale alipoonyeshwa. Akapewa kamba ya nyumbu mkononi, na pamoja nayo gunia dogo la chumvi ya mifugo, nyeupe pe, laini kama unga. Chumvi ya kijijini, ile inayouzwa na serikali, ilikuwa ya mabonge, rangi ya majivu. Watu waliitazama hiyo nyeupe kuliko walivyomtazama nyumbu.

Huyo Evanthia alikuwa mjane wa mwaka wa njaa, wakati Wajerumani walipokuwa wakiitawala nchi. Mumewe Mitros alikuwa mchukuzi wa mizigo. Alimwachia nyumba ya mawe ya vyumba viwili, shamba la mahindi lililoning'inia kwenye mteremko, mwana mmoja, na nyumbu jike mwekundu kama gome la mdalasini, aliyeitwa Kanela kwa rangi hiyo. Mwana alipotimiza miaka kumi na minane, jioni moja ya vuli, watu wenye bunduki, waasi waliopigana na serikali, walishuka kutoka mlima Grammos. Walitaka mnyama na mtu wa kumwongoza. Asubuhi Kanela hakuwepo, wala Lambis.

Je, walimteka au aliwafuata? Kwa Sajini wa polisi, Evanthia alisema walimteka. Kwa majirani alisema walimteka. Peke yake, akiwa amebeba kuni mgongoni kwa kuwa hakuwa tena na mnyama, aliikumbuka ile kamba. Lambis alikuwa ameishika mwenyewe. Hakuna aliyemsukuma.

Basi nyumbu mpya alianza kazi, na maneno nayo yakaanza yake. Mkahawani kwa Zikos kulikuwa na redio ya betri, ikiwashwa habari tu. Warusi wamefanya hivi Berlin, Wamarekani wamejibu vile, meli ya ngano imetia nanga Piraeus, jirani zetu wa mpakani ni mbwa wa Stalini. Ikizimwa, wanaume walirudi kwenye jambo walilolijua.

"Hakuna anayegawa nyumbu bure," alisema mzee mmoja. "Leo kapigwa chapa shingoni. Kesho chapa tunapigwa sisi."

"Wee nawe! Unga wao si unaula?"

"Naula. Lakini sijauamini."

"Nasikia wana hesabu ya kila nyumbu aliko. Vita vya tatu vikianza na Mrusi, wanakuja: lete nyumbu, na aliyemlisha avae buti."

"Wavae kina Evanthia basi," mwingine akadakia, na wakacheka. "Huku anakula kwa Mmarekani, huku mtoto anakula kwa Mrusi. Atakayeshinda, yeye kashiba!"

Evanthia aliyasikia hayo akipita na mzigo wa kuni, na nyumbu nyuma yake. Hakugeuka. Lakini usiku alilala akijiuliza kwa nini, kati ya mikono yote iliyoingia kofiani, wake ndio uliopata jeusi. Padri ndiye aliyeshika kofia. Padri alikula kwa Zikos kila Jumapili, na Zikos alicheza karata na Sajini. Kama walimpa kwa makusudi, walitaka kumwona nani akija kumpanda yule nyumbu?

Ukuta kwa ukuta na nyumba yake aliishi Asimo. Asimo ndiye aliyemshika Lambis kwenye maji ya ubatizo, akampaka mafuta, akamtamkia jina, na kwa ajili hiyo yeye na Evanthia waliitana kumbara, neno lililo zito kuliko dada. Waliitana hivyo hata sasa, lakini neno lilikuwa limekauka mdomoni. Stathis, mwana wa Asimo, alikuwa askari wa jeshi la serikali. Alikuwa hukohuko Grammos, upande wa pili wa bunduki. Kila mizinga ilipounguruma kaskazini, wanawake hao wawili walisimama kila mmoja mlangoni pake, wakisikiliza mlio uleule, na kila mmoja akimwombea ambaye huenda alikuwa akimlenga wa mwenzake.

Juma lile la kura, Evanthia alijaza bakuli la udongo chumvi nyeupe, akagonga kwa jirani.

"Kumbara, nimekuletea."

Asimo alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, kitambaa cheusi kimefungwa mpaka chini ya kidevu. Alichungulia bakuli kama anachungulia kisima. "Hiki nini?"

"Chumvi. Imekuja na nyumbu."

"Ya wanyama?"

"Chumvi ni chumvi."

"Mbona imekuwa nyeupe hivyo? Chumvi ya Mungu haina weupe huo." Akalowesha kidole, akakigusisha, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema kando. "Wameisaga na nini?"

"Unadhani nitakupa sumu, Asimo?"

"Sijasema wewe. Kwani wewe ndiye uliyeisaga?" Akalichukua bakuli hata hivyo, maana zawadi hairudishwi mlangoni. "Sitii kwenye chakula changu kitu nisichokijua. Labda mbuzi."

Siku ya pili kijiji kizima kilijua kwamba Asimo ameikataa chumvi ya Wamarekani. Yeye mwenyewe aliitangaza habari hiyo kisimani, mikono kiunoni, akiongeza kwamba hata mbuzi wataonjeshwa mmoja kwanza. Bakuli hakulirudisha. Evanthia alielewa. Kwao bakuli la watu halirudi tupu, na mwaka ule Asimo hakuwa na cha kutia ndani. Au hakutaka kutia.

Agosti ikafika. Mizinga ya Grammos ilinguruma mfululizo, kisha siku moja ikanyamaza. Redio ikasema wale wa mlimani wamevunjwa, waliosalia wanakimbilia mpakani, Albania, na njia zote zimezibwa. Zikos aliwagawia wanaume pombe ya zabibu bure, jambo lililowatia watu wasiwasi kuliko vita. Asimo alipata habari kwamba Stathis yu mzima. Alipiga magoti mlangoni, akaibusu ardhi, akainuka, akakutana macho na Evanthia. Akaingia ndani.

Asubuhi ya siku ya tatu baada ya hapo, wanawake wakiwa kisimani, Kanela alirudi.

Alikuja peke yake, polepole, kwa njia ya juu, kama mfanyakazi atokaye shamba. Mbavu zilimtoka. Tandiko lake la mbao lilikuwa mgongoni bado, limevunjika pembe moja. Hakusimama kisimani. Alipita katikati ya wanawake, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa zizi la Evanthia, akaugonga kwa kwato kama alivyozoea zamani. Ndani, nyumbu wa Marekani akalia.

"Panagia, Mama Mtakatifu!" mwanamke mmoja akajifanyia ishara ya msalaba. "Yule si Kanela?"

Evanthia alikimbia, miguu haimsikii. Alimshika mnyama shingo, akaificha sura yake kwenye manyoya, na hapo macho yake yakaona mambo mawili. Kamba ya tumboni ilikuwa imefungwa fundo la mkono wa kushoto, lile Mitros alilomfundisha mwanawe, kwa kuwa wote wawili walikuwa mashoto. Na kwenye kwato, juu ya vumbi la kawaida, uligandamana udongo wa manjano. Udongo huo ulipatikana mahali pamoja, korongo la kinu cha zamani cha kusagia nafaka kwa maji, kilichokaukiwa tangu babu zake wakiwa hai.

Moyo ukamruka. Halafu, kwa mazoea ya miaka ile, ukajishuku. Fundo linaweza kuigwa. Udongo unaweza kupakwa. Kama askari walimkamata nyumbu vitani, wangeshindwaje kumtuma nyumbani wakae waone mama atakimbilia wapi? Alichukua gunzi la mahindi, akaanza kumsugua Kanela kwato, bila haraka, kama anayemsafisha mnyama wake.

"Unamsafisha vizuri," sauti ikasema nyuma yake. "Ila umeanzia chini. Kwetu tunaanzia mgongoni."

Alikuwa Sajini Petrunias. Alitoka nchi ya tambarare, kusini, mtu wa miaka arobaini mwenye masharubu yaliyokatwa vizuri na sauti ya upole. Upole wake ndio uliowatisha watu. Waliomtangulia walipiga makelele. Huyu alivuta kiti.

"Amechoka, Bwana Sajini."

"Amechoka sana, maskini. Lakini angalia, mama: hana kidonda cha tandiko. Miaka miwili vitani, na hana kidonda. Kuna mtu alimpenda." Akampapasa Kanela pua. "Mimi nimezaliwa zizini, mama. Baba yangu alikuwa na sita. Unajua nyumbu alivyo? Hasahau alipolishwa. Jana kalishwa mahali. Ukimnyima leo, ukimfungulia kesho, ataenda wapi?"

"Atakaa nyumbani kwake."

"Nyumbani utafunga mlango. Ataenda alikolishwa jana." Akatabasamu. "Na kuhusu yule wa Marekani, usijali. Masharti yanasema nikuandikie barua achukuliwe. Mimi siandiki. Wewe nisaidie, mimi nikusaidie. Tuna adui mmoja, sivyo?"

"Mimi ni mjane, Bwana Sajini. Sina nafasi ya kuwa na adui."

"Jibu zuri," alisema, akaondoka na Kanela kwa kamba.

Walimfunga mbele ya kituo cha polisi, juani, ndoo ya maji tu mbele yake. Na kwa nini ameniambia? Evanthia alijiuliza, akikata vitunguu asivyovihitaji. Mtu mwerevu haonyeshi mtego kabla hajautega. Basi mtego hauko kesho. Mtego ni leo. Anataka kuniona nikikimbilia korongoni kumwonya Lambis, anifuate. Nisipokwenda, kesho nyumbu atampeleka kinuni. Nikienda, leo nampeleka mimi.

Kwenda kwenye kinu hakukuwezekana. Lakini kabla ya korongo, njia iligawanyika kuwa mbili baada ya uwanja wa kupuria ngano. Kulia ilishuka kinuni. Kushoto ilipanda hatua chache mpaka kanisa dogo la Mtakatifu Paraskevi, na kando ya kanisa hilo kulikuwa na mawe bapa. Hapo Mitros alikuwa akimwaga chumvi kila majira ya kuchipua. Kanela alilamba mawe hayo tangu anafuata maziwa ya mama yake. Wachungaji wote wa milimani huko hulisha chumvi namna hiyo, juu ya mawe, na mnyama aliyezoea jiwe lake hulikimbilia kutoka mbali. Siku hizi hakuna aliyetia kitu pale. Amri ya jeshi ilikataza kuchunga ng'ambo ya uwanja. Wanawake tu waliruhusiwa kwenda kuwasha taa ya mtakatifu.

Na kule mlimani, miaka miwili, chumvi wangeitoa wapi? Watu wenyewe walikula mahindi chapwa.

Alingoja mchana. Agosti, saa ya jua kali, Kalamovrisi yote hulala: mlango umerudishwa, mbwa chini ya ngazi, nyenze peke yao wakisaga hewa. Askari wa zamu mbele ya kituo alikuwa ameketi kivulini, kofia usoni. Evanthia alishika chupa ya mafuta ya taa ya kanisa, wazi, mkononi, aonekane. Ndani ya aproni, chini ya kitambaa, alikuwa na chumvi. Chumvi ya serikali ilikuwa imemwishia tangu Julai. Alikuwa na nyeupe tu.

Alitembea kama mtu anayekwenda kusali. Alipopita chini ya nyumba ya jirani aliinua macho bila kukusudia. Asimo alikuwa juu ya paa. Alikuwa ameanika trahana, makombo ya ngano na maziwa machachu ambayo hukaushwa kwa ajili ya supu ya majira ya baridi, juu ya shuka kubwa. Aliketi kando yake na ufito wa kufukuzia ndege. Mtu mwenye trahana paani halali mchana. Evanthia alikuwa amelisahau hilo, na hakustahili kulisahau, yeye aliyeanika trahana maisha yake yote.

"Unakwenda wapi na jua hili, kumbara?"

"Kwa Mtakatifu Paraskevi. Taa imekauka."

Asimo aliitazama chupa. Kisha akaitazama aproni, iliyovutwa chini na uzito. Alitazama kwa muda wa kufukuza ndege wawili.

"Mwombee na mwanangu," akasema.

Kanisani Evanthia aliwasha taa kweli. Kisha akamwaga chumvi kwenye vishimo vya mawe, akaisambaza kwa kiganja, akaikung'uta aproni mpaka weupe ukatoka. Aliporudi, paani hapakuwa na mtu. Shuka la trahana lilikuwa limeachwa peke yake, na ndege walikuwa wanakula.

Basi ameshakwenda kituoni, Evanthia aliwaza. Aliingia ndani, akafunga mlango. Alingoja mlango ugongwe. Jua lilishuka, kuku wakapanda, hakuna aliyegonga. Hilo halikumpa nafuu. Sajini hakuwa mtu wa haraka.

Kesho yake Petrunias alimfungulia Kanela mbele ya watu wote, kama mtu anayeonyesha mchezo. Zikos alikuwepo, wazee wa mkahawani, wanawake na ndoo zao. Evanthia aliitwa kwa jina, akaambiwa afuate. Asimo alikuja bila kuitwa.

Nyumbu alijitikisa, akanusa hewa, akaanza kupanda njia ya juu. Askari wanne nyuma yake, bunduki begani, kisha Sajini, kisha kijiji. Akapita uwanja wa kupuria. Akafika njia panda, akasimama.

Masikio yake yalielekea kulia, korongoni. Evanthia aliyaona. Akauma shavu kwa ndani mpaka akahisi damu, na ladha yake ilikuwa ya chumvi. Kanela alitia mguu mmoja njia ya kulia, kisha wa pili.

Upepo mdogo wa asubuhi ulishuka kutoka kanisani. Nyumbu akainua kichwa. Pua zikapanuka. Akageuka pale pale, akawapita askari wawili akiwasukuma kwa bega, akapanda kushoto kwa mwendo ambao hakuna aliyedhani mifupa ile inauweza. Askari walimkimbilia wakikoki bunduki, wakalizunguka kanisa, wakaupiga mlango teke. Ndani palikuwa na taa inayowaka na mtakatifu.

Nje, Kanela alikuwa analamba jiwe.

Mtu mmoja akaanza kucheka, akajizuia. Petrunias hakucheka. Alichuchumaa, akagusa jiwe kwa kidole, akakitazama kidole. Akamwacha nyumbu alambe mpaka mwisho. Alipomaliza, kiu ilimshika, naye akashuka mbio njia ileile aliyopandia, kuelekea kisima cha kijiji.

"Nyeupe," Sajini akasema kwa upole. "Waliopewa chumvi nyeupe hapa ni watatu. Mwenyekiti, wewe?"

"Mimi?" Zikos akajishika kifua. "Mimi yangu iko mkahawani, nauza... naitunza!"

"Wa pili amehamia mjini tangu Juni. Na wa tatu." Hakumtazama Evanthia hata kidogo. "Nani aliwasha taa hii?"

"Mimi," akajibu Evanthia. "Jana."

"Na chumvi?"

Evanthia alikuwa amejiandalia uongo mmoja usiku kucha, na sasa haukuwepo. Watu walikuwa wamempa nafasi pande zote, kama wanavyompa mwenye ndui.

"Chumvi yangu hiyo," Asimo akasema.

Sajini akageuka. "Yako?"

"Sasa ya nani? Huyu alinipa bakuli zima. Uliza kijiji. Si nilisema mimi sili uchafu wa Wamarekani? Nimewatilia mbuzi."

"Mbuzi? Huku? Ng'ambo ya uwanja?"

"Mbuzi wanasoma amri, Bwana Sajini? Majani ya upande wa kijijini yamekwisha. Juzi niliwaleta alfajiri, nikawamwagia hapo waonje. Hawakuipenda. Hata wao!"

Wazee wakacheka, safari hii kwa sauti, kwa kuwa kila mmoja alikumbuka maneno yake kisimani. Hapakuwa na mtu kijijini aliyewashuku Wamarekani waziwazi kama Asimo, na hapakuwa na mtu aliyejulikana kumshuku Evanthia zaidi yake. Petrunias alimkazia macho.

"Kuvunja amri ya jeshi, mama, ni kifungo."

"Nifunge. Ila mwandikie mwanangu. Jina lake Stathis, yuko Grammos, kikosi unakijua. Mwambie mama yake amefungwa kwa konzi ya chumvi."

Sajini alikunja kitambaa chake taratibu, akafuta kidole. Alimchukulia Asimo mbuzi mmoja, jike mwenye maziwa, kwa ajili ya chungu cha askari. Asimo hakufungwa, wala Evanthia. Barua ya nyumbu wa Marekani nayo haikuandikwa siku ile. Jeshi lilimchukua Kanela kuwa mali ya vita, na Evanthia hakumwona tena. Juma moja baadaye askari waliingia korongoni wakipekua kila shimo, wakakuta kinuni majivu baridi na maganda ya jozi changa. Aliyezila jozi hizo hakujulikana.

Septemba nzima Asimo hakuja. Kisimani walisalimiana kumbara, kumbara, wakachota maji. Evanthia alimpelekea jibini, Asimo akaipokea, akafunga mlango. Mwanamke yule alitaka nini? Mtu hatoi mbuzi wa maziwa bure, kama vile hakuna anayegawa nyumbu bure. Pengine alimhurumia. Pengine alikuwa ameokota kitu cha kumshikia maisha yote. Evanthia aliligeuza jambo hilo kila alipogeuza mkate.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mlango uligongwa. Asimo alisimama nje na lile bakuli la udongo, limefunikwa kitambaa.

"La kwako. Bakuli la watu halirudi tupu."

Evanthia akafunua. Ilikuwa chumvi nyeupe, imejaa mpaka ukingoni, haijaguswa. Juu yake palionekana bado kishimo cha kidole, pale Asimo alipoonja siku ile.

Alitaka kusema neno, lakini Asimo hakumpa nafasi.

"Wiki ijayo napanda ngano. Nitamhitaji nyumbu wako siku mbili. Za kwanza, kabla hujalima kwako."

"Mchukue, kumbara. Mchukue hata tatu."

"Mbili zinatosha," alisema Asimo, akaondoka akikwepa madimbwi.

Tangu mwaka ule, nyumbu wa Marekani alilima shamba la Asimo kwanza, kila vuli. Kijiji kilizoea, na hakuna aliyeuliza. Bakuli lilikaa juu ya rafu, na chumvi yake Evanthia hakuitia chakulani wala hakuwapa wanyama. Alilitazama siku nyingine kama deni, siku nyingine kama picha ya mtakatifu.

Ilikuwa miaka saba baadaye ndipo Msalaba Mwekundu ulipomletea habari, kutoka mji wa Tashkent, ndani kabisa ya nchi ya Warusi, mahali ambapo padri mwenyewe hakuweza kupaonyesha kwenye ramani. Lambis yu hai. Anafanya kazi kiwandani. Ameoa. Evanthia alitoka na aproni ya unga, akapanda ngazi za jirani bila kubisha. Ilikuwa Agosti, na Asimo alikuwa paani na ufito wake.

"Kumbara. Uliyembatiza yu hai."

Asimo hakuinua kichwa. Mkono uliokuwa ukipanga makombo ya trahana ulisimama, kisha ukaendelea.

"Nilijua," akasema. "Hakuna anayembebea mfu chumvi na jua lile." Akafukuza ndege. "Keti basi, usinizibie jua. Na nyumbu umtengenezee kwato mapema, vuli hii. Mwaka jana alinichechemea."